Korongo Limefungwa Mpaka Kinda Aruke

Jumapili, 25 Mei 1975

Misa ya kwanza, kisha lori la kiwanda hadi Moshi, kisha basi la Masama. Kama Jumapili zote. Mke wangu amenifungia viazi vitamu, akaniambia Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, hakupanda ukuta. Sikumjibu. Nikimjibu nachelewa basi.

Elinami alikuwa ananisubiri kituoni, buti zimening'inia shingoni. Yeye ni fundi umeme, mimi fundi mitambo, kiwanda kimoja cha sukari. Yeye ni wa huku huku mlimani, kwao ni kihamba cha mwisho, shamba la migomba la nyumbani, kabla ya korongo. Mimi wa Songea. Injinia mmoja wa kizungu alitufundisha kupanda miamba kwa kamba, akamaliza mkataba, akarudi kwao, kamba akaniachia mimi. Mafundi wenzetu wanaamini tunatafuta madini. Tumeshachoka kukanusha.

Leo tumefika kibaraza cha pili cha ukuta mkubwa wa korongo. Hatujawahi kufika. Sijasikia mtu aliyewahi. Wapandaji wa Nairobi walishindwa mwaka juzi, wakasema mwamba ni mbovu. Mwamba si mbovu. Unataka subira tu, na mimi sina, Elinami anayo. Mimi nina nguvu za mikono. Ndiyo maana tunafungana kamba moja.

Elinami akapigilia msumari wa kufungia kamba kwenye ufa, ukungu ukashuka, tukarudi chini. Kimebaki kipande tu, hakizidi bomba la moshi la kiwanda. Mvua zinakatika. Kiangazi hiki tunamaliza.

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi na hasira mpaka nimekula nimesimama.

Elinami yuko zamu. Nikapanda peke yangu, nia ilikuwa kung'oa nyasi kwenye ufa wa chini tu. Pale migomba inapoisha na njia kuanza kuteremka korongoni, nikakuta fito mbili zimesimamishwa, kati yake yamefungwa majani marefu ya kijani, yamepigwa fundo. Pembeni kijana wa mgambo, Ndesario, na rungu lake. Namfahamu. Mara nyingi ametutazama tukipanda, mdomo wazi.

Akaniambia limefungwa, kaka. Nani kafunga? Mkutano wa kijiji. Mpaka lini? Mpaka kinda aruke. Kinda gani? Wa tai.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Tai weusi wametaga ukutani, karibu na kibaraza cha pili, na hakuna mpandaji atakayegusa korongo mpaka kinda liondoke kiotani. Yaani kiangazi chote. Miezi yote mizuri. Nikiwa na malalamiko, niende kwa balozi wa nyumba kumi.

Nikang'oa jani moja pale kwenye fito. Nilitaka kumwonyesha huyo balozi kitu anachofungia njia za watu. Ndesario alifungua mdomo, akaufunga.

Balozi ni mama yake Elinami. Amechaguliwa mwaka huu. Mjane, mrefu, maneno machache. Nimepita kihambani kwake miaka na miaka, hajawahi kunipa zaidi ya salamu. Nikasimama mlangoni, jani mkononi, nikasema yote. Kwamba hatujaiba ndizi ya mtu. Kwamba nchi ni yetu sote. Kwamba tai ana mlima mzima.

Ndani walikuwamo majirani wawili wanakunywa mbege, pombe yao ya ndizi. Wote wakalitazama lile jani. Mama Elinami akainuka, akajifuta mikono, akalipokea lile jani kwa mikono miwili, taratibu, kama anapokea mtoto. Akaliweka juu ya kabati. Akasema kwa Kichagga na wale wawili wakaitikia. Kisha kwa Kiswahili akaniambia, "Yameisha, baba. Kaa."

Yameisha nini? Nikakalishwa. Nikapewa kata ya mbege iliyojaa. Nikanywa, maana sikujua la kufanya. Mzee mmoja akanishika bega akasema mimi ni kijana mwenye adabu. Nilikuwa nimetoka kufoka.

Nimeshuka bila kupanda, bila kujibiwa, na tumbo limejaa.

Jumatatu, 9 Juni

Elinami amecheka mpaka koleo limemdondoka. Nilitaka kumpiga.

Kumbe lile jani ni isale. Wachagga wana mambo na lile jani. Likipandwa au kufungwa njiani, ni mpaka, hapavukwi. Lakini mtu akilishika mkononi akaja nalo hadi mlangoni kwako, amekuja kuomba msamaha. Na mwenye kuletewa hawezi kukataa. Hata kama umemchomea nyumba. Akishalipokea, kosa limekwisha, halitajwi tena.

Nikamwambia sikuomba msamaha wowote, nilikwenda kugomba. Akasema hiyo ndiyo sababu wote walishangaa. Hawajawahi kuona mtu anaomba msamaha kwa ukali namna ile.

Halafu akaacha kucheka. Akasema kuna jambo moja nilijue. Aliyesamehewa kwa isale akirudia kosa lile lile, hana jani lingine. Hakuna wa kumpokea tena.

Kosa gani? Akasema nimuulize mama yake.

Nimemsimulia mke wangu. Naye amecheka mpaka mtoto akaamka.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda bila kamba. Mabega yalikuwa mepesi mpaka nikawa naona haya.

Shikamoo, marahaba. Mama Elinami hakunikaribisha ndani, alinipeleka ukingoni. Kihamba chake kinaishia pale pale, migomba, kahawa kidogo, kisha kipande cha maharage, kisha korongo. Akanionyesha maharage. Yamestawi. Akaniambia mwaka jana mwezi kama wa Septemba hapa palikuwa pakavu kama sakafu. Pimbi. Wanakaa kwenye mapango ya korongo, wanapanda usiku kwa makundi, wanakula kila kitu cha kijani. Yeye na majirani walilala shambani wakipiga madebe. Haikusaidia.

Miaka yote pimbi hawakuwa tatizo kwa sababu tai anawala. Akiwa na kinda anawinda kila siku. Mwaka jana tai wakahama katikati ya msimu. Waliacha kinda. Lililia siku chache, likanyamaza.

Nikauliza kwa nini walihama. Akanitazama. Akasema watu walikuwa wanapigilia vyuma ukutani.

Watu ni sisi. Sisi, na wa Nairobi, na wa Arusha, na yeyote aliyekuwa na nyundo. Mwaka jana Agosti nilikuwa naning'inia kwenye ukuta ule nikiimba. Sikuangalia kushoto hata mara moja.

Nilitaka kusema pole, nikakumbuka nilishasema, kwa jani, mbele ya mashahidi. Nimesamehewa kabla sijajua nimefanya nini. Sijui kama nimepunjwa au nimependelewa.

Kisha akanipa kazi. Wageni wa mwisho wa wiki hawamsikii Ndesario. Wewe, akasema, wanakujua, na Kiingereza chako kibovu wanakielewa. Utasimama naye pale njiani. Si ombi. Aliongea kama ninavyoongea mimi na vijana wa karakana.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wako uwanjani wanasikiliza hotuba. Mimi nimesimama kwenye fito mbili na mgambo.

Wamekuja wengi. Landrova ya Nairobi, walimu kutoka Moshi, wanafunzi kutoka Dar. Wote nawaambia limefungwa. Mmoja wa Nairobi, tumewahi kupanda naye, aliniuliza lini nimekuwa askari wa ndege. Nikamwambia tangu Juni. Akauliza nani kanilipa. Nilikunja ngumi ndani ya mfuko, nikazikunjua. Ndesario akacheka kwa ndani.

Wanafunzi wa Dar walikuwa wabishi zaidi. Wakataka kuona barua ya wilaya. Nikawaonyesha majani. Wakaniambia huo ni ushirikina, taifa linajenga viwanda. Nikawaambia mimi natoka kiwandani sasa hivi, na maharage ninayokula yanatoka hapa. Wakaondoka wakinung'unika.

Nilikuwa upande wao mwezi uliopita. Najua kila neno walilotaka kusema. Hilo limenichosha kuliko kusimama.

Elinami alikuja jioni na ndizi za kuchoma. Tukakaa watatu, tukauangalia ukuta tusioruhusiwa kuugusa. Elinami akanionyesha kwa kidole jinsi tutakavyopita pale juu ya kibaraza. Mkono wa kushoto kwanza, akasema, kisha utavuka. Nikasema wewe utatangulia. Akasema hapana, wewe. Tukabishana mpaka giza likaingia.

Jumapili, 20 Julai

Kinda limetoka kwenye yai. Ndesario aliliona kwanza. Jeupe, kama pamba iliyotupwa kwenye vijiti. Mama yake anasimama juu yake, bawa limefunguka kidogo, kulikinga na jua. Baba analeta pimbi.

Mama Elinami alikuja kutazama pia, akajifanya amekuja kukata majani ya ng'ombe. Alikaa muda mrefu na hakukata majani mengi.

Jumatano, 13 Agosti

Elinami amepata nafasi ya kusoma. Bulgaria, uhandisi wa umeme, miaka mitano. Karakana nzima imempongeza. Meneja amempa mkono.

Nami nimempa mkono. Nimefurahi. Nimefurahi kweli, anastahili, ana akili kuliko sisi wote. Na nimeumia kama mtu aliyeibiwa.

Anaondoka mwisho wa Septemba. Kinda haliwezi kuruka kabla ya Oktoba. Hesabu hiyo niliifanya kabla hajamaliza sentensi, na nikaona usoni kwake kwamba naye ameshaifanya.

Jumapili, 24 Agosti

Ameniomba.

Tulikuwa tumekaa nyuma ya banda la ng'ombe la mama yake. Akasema asubuhi moja tu. Alfajiri, kabla tai hajaamka vizuri. Tusipige nyundo, misumari iko tayari mpaka kibaraza cha pili, na hapo juu tutapita kwa mikono. Tupite kulia kabisa. Tutoke juu, tuteremke kwa njia ya msituni. Hakuna atakayejua.

Nikasema mama yako atajua. Akasema mama yangu nitaongea naye mwenyewe, ni mama yangu.

Akasema miaka mitano. Nikirudi nitakuwa na kitambi na wewe utakuwa babu. Alisema kwa utani lakini sauti haikuwa ya utani. Akasema ukuta ule ameutazama tangu anachunga mbuzi, hakuwahi kufikiri mtu anaweza kuupanda, na sasa kimebaki kipande.

Nilitaka kusema ndiyo. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nilitaka sana. Mikono ilikuwa inawasha.

Nikasema hapana. Nikasema nimekwishapokelewa jani, sina la pili. Na huwezi kujua tai ataona kulia au kushoto. Mwamba ni mmoja.

Kisha akasema, "Wewe mtu wa Songea ndiye unayenifundisha mimi isale?"

Nikamwambia ndiyo, kwa kuwa wewe umeisahau.

Lilinitoka. Ana hasira za mbali, si kama mimi, zikija hazirudi haraka. Aliinuka akaingia ndani. Nikashuka bila kuaga mtu. Mama yake aliniita, nikajifanya sijasikia.

Jumatatu, 25 Agosti

Hakunisalimia. Sikumsalimia.

Ijumaa, 5 Septemba

Bado. Leo swichi ya kinu cha pili iliharibika, tukafanya kazi bega kwa bega mchana kutwa. Nipe bisibisi. Shika hapa. Basi. Hayo ndiyo maneno yetu yote.

Mke wangu anasema tumekuwa kama wake wenza. Anasema mmoja aanze. Nimemwambia aliyekosa ndiye aanze. Ameuliza ni nani. Nimekwenda kuoga.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika huku mlimani.

Nilitoka zamu ya usiku. Nikaoga, nikaangalia nyuma ya mlango. Kamba haipo. Mke wangu akasema Elinami alipita jana jioni kuichukua, kwani si huwa anaichukua? Alidhani tumepatana. Alikuwa amefurahi, maskini.

Sikunywa chai. Sikumbuki basi. Nakumbuka nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu, nani anashika upande wa pili wa kamba. Nikajijibu hakuna. Yuko peke yake. Anajifunga mwenyewe kwenye misumari na kujifungua mwenyewe, na akiteleza kati ya msumari na msumari hakuna mtu.

Ndesario alikuwa njiani kwenye fito, uso umemshuka. Akaniambia Elinami amepita kwa upande wa mto, kabla yeye hajafika. Amemwona akiwa juu tayari.

Nikavuka nikakimbia mpaka chini ya ukuta. Nimevuka isale. Sikufikiri.

Alikuwa amepita kibaraza cha kwanza, anaelekea cha pili. Anapanda vizuri. Hajawahi kupanda vizuri namna ile. Juu yake tai alikuwa anazunguka, pimbi kwenye makucha, anazunguka tu, hatui. Kiotani kinda linalia. Sasa lina manyoya meusi, limekuwa kubwa, linalia kwa sauti nyembamba, na hakuna wa kulifunika na jua.

Sikupiga kelele. Ukimshtua mtu pale umemuua. Nikasimama mikono nimeikunja kana kwamba nimeshika kamba. Nikageuka, nikamwona Mama Elinami chini ya migomba ya mwisho. Mundu mkononi, khanga ameiuma kwa meno. Alikuwa anamtazama mtoto wake. Kisha anatazama tai. Kisha mtoto wake. Nami nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Sijawahi kuogopa vitu viwili kwa mpigo.

Chini kidogo ya kibaraza cha pili Elinami alisimama. Nadhani alisikia lile kinda. Huku chini tulilisikia, yeye alikuwa karibu zaidi. Akageuza uso, akalitazama. Akakaa hivyo muda. Angeweza kuendelea. Ukuta wote ulikuwa wake.

Akaanza kushuka.

Kushuka peke yako ni kugumu kuliko kupanda. Mguu wake uliteleza mara moja na mama yake akatoa sauti ndogo, si yowe. Alipofika chini uso ulikuwa wa majivu. Akavua kamba, akaikunja vizuri kama tulivyofundishwa, akaiweka miguuni pangu. Hakuniangalia. Akapita mbele ya mama yake. Mama akamwambia neno moja la Kichagga. Sikulielewa na sikuuliza maana.

Tai hakutua mpaka jioni. Mzazi wa pili hatukumwona kabisa. Nimebaki huku kwa Mama Elinami. Elinami ameshuka zake Moshi.

Jumapili, 14 Septemba

Sikusali. Mungu atanielewa, au hatanielewa.

Tulikaa ukingoni tangu kupambazuke, Mama Elinami, Ndesario na mimi. Kinda lilikuwa limelala chini kiotani. Hatukuweza kuona kama linapumua. Mama alileta mtori, ukapoa. Ndesario alianza kusema kitu kuhusu mwaka jana, Mama akamwangalia, akaacha.

Jua lilipokuwa limepanda tai akaja kutokea juu ya msitu. Akazunguka mara nyingi. Nikawa namwambia kimoyomoyo tua, tua, mpumbavu we, tua. Akatua. Kinda likainuka.

Machozi yalinitoka. Mama Elinami akageuka kuyatazama maharage yake mpaka nilipomaliza.

Jumanne, 16 Septemba

Elinami alipita karakana kuaga kitengo kwa kitengo. Alipokaribia kwetu nikaingia chini ya mashine. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza chini ya mashine.

Nimekasirika kwa sababu alichukua kamba. Kwa sababu alimdanganya mke wangu. Kwa sababu angekufa. Hasa hiyo ya mwisho.

Jumamosi, 27 Septemba

Ameondoka na basi la asubuhi la Dar. Karakana nzima ilikwenda stendi kumsindikiza. Niliomba zamu makusudi.

Wamerudi wakisema alikuwa anachungulia dirishani mpaka basi likaondoka. Hawakusema alikuwa anamtafuta nani. Walikuwa wanaangalia pembeni.

Mke wangu hajasema kitu. Amenipakulia chakula akakaa upande wa pili. Ni afadhali angesema.

Miaka mitano, na sikumpa hata mkono. Mimi ni mtu mbaya na mjinga, na basi limeshapita Korogwe sasa.

Jumapili, 5 Oktoba

Nilikuwa nimejilaza. Mke wangu akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna mtu nje na lile jani lako."

Mama Elinami. Ameshuka kutoka mlimani mpaka huku tambarare, kwenye nyumba za wafanyakazi, na joto hili, gauni lake la kanisani, kikapu cha ndizi kichwani. Sijawahi kumwona nje ya kihamba chake. Alionekana mdogo. Mkononi isale, limepigwa fundo.

Akasema halikuwa lake. Elinami alilikata mwenyewe usiku wa kuamkia safari, akalifunga mwenyewe. Alikwenda kwa wazee kwanza na la kwao, akapokelewa. Hili akaliacha juu ya kabati, akasema mpelekee. Angelileta mwenyewe stendi, akasema, kama angejua utakuja.

Alisema bila kunilaumu. Ndicho kilichoniuma.

Nikakumbuka alivyofanya yeye Juni. Nikajifuta mikono kwenye suruali, nikalipokea kwa mikono miwili. Sikujua Kichagga cha kusema. Nikasema, "Yameisha, mama. Kaa."

Mbege hatuna. Mke wangu alimtengenezea chai, sukari akaijaza, maana sukari ndicho kitu pekee nyumba hizi hazikosi. Mama akanywa, akakunja uso, akamaliza kikombe. Akacheza na mtoto. Akala ugali wetu akasema ni mgumu kama ukuta wa korongo. Mke wangu amempenda.

Nilimsindikiza mpaka basi. Nikamuuliza, na mimi? Mimi ndiye sikwenda kumuaga. Nimpelekee nani jani? Akawaza. Akasema kwa mtu aliye mbali unaliweka mahali atakapopita akirudi.

Jumapili, 26 Oktoba

Kinda limeruka siku ya Alhamisi. Sikuliona. Ndesario aliliona, amenisimulia mara tatu na kila mara limeruka mbali zaidi. Maharage yamevunwa. Mama Elinami ameng'oa fito mwenyewe na kuzitia jikoni.

Tulikuwa peke yetu korongoni, wa Nairobi hawajapata habari. Ndesario ameshika kamba. Nimemfundisha wiki nne hizi kwenye mti wa mparachichi, ana mikono mizuri, hasemi ovyo. Nikapanda. Mawingu ya vuli yanakuja lakini mwamba ulikuwa mkavu. Kibaraza cha kwanza. Kibaraza cha pili. Kiota kiko tupu upande wa kushoto, mifupa ya pimbi imetapakaa.

Nikafika kwenye msumari wa mwisho, ule alioupigilia Elinami mwezi Mei. Nikatazama juu. Mkono wa kushoto kwanza, kisha unavuka. Alikuwa sahihi. Kutoka pale unaona yote mpaka juu, na ingeniwezekana. Nilikuwa na nguvu. Nilikaa pale kidogo.

Jani lake lilikuwa mfukoni, limekauka. La kwangu nililikata asubuhi kihambani, bichi. Nikayafunga yote mawili kwenye msumari ule, fundo moja, yakaziba njia ya juu. Nikashuka.

Ndesario akauliza mbona umerudi, kilibaki kidogo. Nikamwambia nimechoka.

Mama Elinami alikuwa ukingoni na mundu wake, anakata majani ya ng'ombe. Alitazama juu, akayaona. Macho yake bado mazuri. Akaniuliza limefungwa mpaka lini.

Nikamwambia mpaka kinda arudi.

Akaendelea kukata majani. Baadaye akaniita nimsaidie kubeba mzigo mpaka bandani, na nikaubeba. Kesho niko zamu ya asubuhi.